Umeme Mdogo wa Viungani: Mwendo, Mtetemo na Nishati katika Historia ya Kinondoni na Temeke

Historia ya umeme wa Dar es Salaam kwa kawaida huandikwa kwa kufuata nguzo na nyaya, kuanzia mtambo wa kwanza wa Wajerumani hadi bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, na ndani ya masimulizi hayo viunga kama Kinondoni na Temeke huonekana kama sehemu zilizokuwa zikingoja zamu yao. Ipo hata hivyo historia nyingine, ya umeme mdogo usiopita kwenye nguzo, ambao wakazi wa viunga hivyo waliununua ndani ya betri au kuuzalisha kwa gurudumu la baiskeli, na ambao katika miongo ya karibuni wanasayansi wameutafuta ndani ya mitetemo ya mashine, magari na madaraja. Historia hiyo inaonyesha kwamba chombo cha umeme mdogo kilishika mizizi viungani pale masharti matatu yalipotimia kwa pamoja: kiliweza kutumia nguvu iliyokuwapo tayari, hitaji lililokusudiwa lilikuwa dogo kiasi cha kutoshelezwa nacho, na duka au fundi wa mtaani aliweza kukihudumia. Masharti hayo hayo ndiyo yanayoweza kupima mustakabali wa vifaa vipya vya kuvuna umeme kutokana na mitetemo.

Umeme wa kwanza wa Dar es Salaam ulizalishwa mwaka 1908 na mamlaka ya reli ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walimoishi Wazungu. Waingereza waliurithi baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kuuweka chini ya idara ya serikali, kisha mwaka 1931 huduma hiyo ikakabidhiwa kampuni binafsi, mojawapo ikiwa DARESCO iliyouhudumia mji wa Dar es Salaam na nyingine TANESCO, ambayo katika miaka ya 1930 ilijenga mtambo wa maji kwenye maporomoko ya Pangani na kuyauzia umeme mashamba ya mkonge. Kanuni ya kazi katika mitambo yote hiyo ilikuwa ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, yaani kwamba sumaku ikisogea karibu na koili, ambayo ni waya uliozungushwa mara nyingi, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Mvuke, dizeli au maji yalifanya kazi moja tu ya kuzungusha, na mzunguko huo ulitakiwa uwe wa kasi isiyoyumba. Tangu mwanzo, basi, umeme wa jiji ulitokana na mwendo uliotiwa nidhamu ndani ya jengo la mtambo, na ukasambazwa kwa kufuata mipaka ya mji wa kikoloni uliogawanywa katika kanda za Wazungu, Wahindi na Waafrika.

Viunga vilikua nje ya mpango huo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za Waafrika katika maeneo ya Ilala, Temeke na Magomeni, na pembezoni mwa nyumba hizo pakaota makazi ambayo wananchi walijijengea wenyewe. Mwanga wa usiku ulitoka kwenye koroboi, ambayo ni kopo dogo lenye utambi, au kwenye kandili yenye chimni ya kioo, na penye shughuli kubwa kama harusi au maulidi palikodiwa karabai inayotiwa pumzi. Umeme wa mtambo wa Hale kutoka mkoani Tanga uliufikia mji katika miaka ya 1960, na ule wa Kidatu ukafuata kuanzia mwaka 1975, lakini watu waliongezeka kwa kasi iliyozipita nyaya, kwani sensa ya mwaka 1967 ilihesabu wakazi wapatao 273,000 katika Dar es Salaam, ile ya 1978 ikahesabu zaidi ya 840,000, na ile ya 2022 zaidi ya milioni 5.3. Kwa hiyo nguzo zilipita barabara kuu, nazo nyumba nyingi za Manzese, Tandale, Tandika na Mbagala zikabaki kwa miaka mingi zikiuona umeme ukipita bila kuingia ndani.

Chombo kilichoingiza umeme mdogo ndani ya nyumba hizo ni redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka 1965 shirika la utangazaji likageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio za mwanzo zilitumia valvu, ambazo ni chupa za kioo zenye nyuzi zinazopaswa kupashwa moto kabla ya kufanya kazi, hivyo zilihitaji umeme wa ukutani au betri kubwa na ghali. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947 na kuanza kuuzwa ndani ya redio za mkononi mwaka 1954, ilifanya kazi ile ile kwa sehemu ndogo ya wati moja, na kwa sababu hiyo mkulima wa Mbagala na mpagazi wa Keko waliweza kusikiliza taarifa ya habari kwa betri chache kavu. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda chake jijini katika miaka ya 1960, na betri zake zenye jina la National zikawa bidhaa ya kila duka, sawa na chumvi na kiberiti. Hata desturi ya kuanika betri juani zinapochoka ilikuwa na maana ya kisayansi, kwa kuwa joto huharakisha kwa muda mabadiliko ya kikemia yaliyozorota ndani yake. La msingi ni kwamba umeme uliwafikia wakazi hao kwa sababu chombo kilijifunza kula kidogo, na chanzo chenyewe hakikuongezeka nguvu.

Sambamba na betri kilikuwapo chombo kingine kilichozalisha umeme papo hapo, nacho ni dainamo ya baiskeli. Umbo lake la kawaida lilikuwa la chupa ndogo iliyofungwa kwenye uma wa gurudumu, yenye kichwa kinachosuguana na tairi, ili gurudumu linapozunguka lizungushe sumaku iliyo ndani ya koili na taa ya mbele ipate kuwaka. Dainamo nyingi zilitoa wati 3 kwa volti 6, kiasi kidogo ambacho kilitosha kumwangazia njia muuza samaki aliyerudi Temeke jioni au mfanyakazi wa zamu wa viwanda vya Chang'ombe, na kutosheleza kanuni za barabarani zilizotaka baiskeli iwe na taa usiku. Masharti yote matatu yalitimia: mwendo ulikuwapo tayari kwa sababu mwendeshaji alikuwa akienda kwake, hitaji lilikuwa balbu moja, na fundi baiskeli chini ya mwembe aliweza kubadilisha waya au kunyoosha kichwa kilichopinda. Kasoro yake nayo ilijulikana na kila mtumiaji, kwamba taa hufifia baiskeli ikipunguza mwendo, huzimika ikisimama, na msuguano wa kichwa humwongezea mtu uzito wa kukanyaga. Dainamo, kama mtambo wa Kidatu, ilitaka mzunguko wa mfululizo, na pale mzunguko ulipokatika umeme nao ulikatika.

Miaka ya 1990 ilibadilisha hitaji. Televisheni binafsi zilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na mwaka huo huo Mobitel ikaanza huduma ya simu za mkononi jijini Dar es Salaam, huku ukame uliopunguza maji kwenye mabwawa ukileta mgawo wa umeme ambao ulirudi tena kwa ukali mwaka 2006 na 2011. Nyumba zisizo na nyaya zilitazama televisheni kwa betri ya gari, ambayo ilipelekwa kuchajiwa na kurudishwa kwa toroli au baiskeli. Nyumba zenye nyaya zikajikuta katika hali hiyo hiyo siku za mgawo, na vijenereta vidogo vya petroli vikanguruma mbele ya saluni na maduka. Kuchaji simu kukawa biashara inayojitegemea, na kibanda chenye waya mmoja wa umeme kiliweza kuhudumia mtaa mzima.

Katika mazingira ya namna hiyo, mwaka 2009, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Pascal Katana na Jeremiah Murimi, walitengeneza kifaa cha kuchajia simu kwa dainamo ya baiskeli. Hesabu inaonyesha kwa nini wazo hilo lilikuwa na mantiki: betri ya simu ya kawaida ya wakati ule yenye uwezo wa saa-ampea 1 kwa volti 3.7 hubeba nishati ya saa-wati 3.7, kiasi ambacho dainamo ya wati 3 ingeweza kukijaza ndani ya muda usiozidi sana saa moja, kama hakuna kinachopotea njiani, na hata upotevu ukihesabiwa safari za siku moja zingetosha. Katana na Murimi hawakuvumbua chanzo kipya cha nishati. Walikiunganisha chanzo kilichozoeleka tangu enzi za ukoloni na hitaji lililozaliwa jana, wakitumia vipuri vilivyokuwa tayari mikononi mwa mafundi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2012, Mkenya mwingine, Anthony Mutua, alionyesha jijini Nairobi kiatu chenye fuwele nyembamba ndani ya soli ambazo huzalisha umeme mtu anapotembea. Kanuni yake ni tofauti na ya Faraday. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele, kama vile za kwatzi, hutoa chaji ya umeme zinapobanwa, tabia inayoitwa piezoelektriki kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukandamiza. Wakazi wa Dar es Salaam hukutana na tabia hiyo jikoni kila wanapobonyeza kiwashio cha jiko la gesi, kwa sababu cheche inayoruka hutokana na fuwele iliyogongwa na nyundo ndogo ya springi. Kiatu cha Mutua kilikuwa na umuhimu wa kihistoria kwa kuwa kilitoka kwenye mzunguko na kuingia kwenye pigo: mguu haumzungushii mtu sumaku, unagonga chini na kuinuka, na umeme ulitakiwa utoke kwenye mapigo hayo yasiyo sawa.

Viunga vya Dar es Salaam vimejaa mwendo wa aina hiyo. Mashine za kukoboa na kusaga nafaka za Manzese na Tandika hutetema kutwa. Daladala, zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1983, hurukaruka kwenye barabara za vumbi. Treni za TAZARA hupita Temeke zikitikisa tuta la reli. Na kila lori linalovuka daraja hulitingisha kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Mtetemo hupimwa kwa vipimo viwili, ambavyo ni ukubwa wa msogeo na marudio, yaani idadi ya mitetemo kamili kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi. Mota ya umeme inayozunguka karibu mara 3,000 kwa dakika hutetema kwa takriban hezi 50, ilhali bodi ya gari hupanda na kushuka juu ya springi zake kwa hezi 1 hadi 2, na madaraja mengi hutetema kwa hezi chache tu.

Kifaa cha kawaida cha kuvuna nishati hiyo ni ulimi mwembamba wa chuma uliofungwa upande mmoja na kubebeshwa uzito kwenye ncha iliyo huru, ukiwa umebandikwa fuwele za piezoelektriki au umewekewa sumaku inayocheza ndani ya koili. C. B. Williams na R. B. Yates wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha mwaka 1996 uchambuzi wa kifaa kidogo cha aina hiyo, wakakadiria kwamba kingetoa maikrowati 1, yaani sehemu moja ya milioni ya wati, kwa mtetemo wa hezi 70, na maikrowati 100 kwa hezi 330. Kifaa chao kilikuwa cha mstari mnyoofu, maana yake ni kwamba kani ikiongezwa mara mbili mpindo nao huongezeka mara mbili, na kifaa chenye tabia hiyo huwa na marudio yake ya asili yasiyobadilika. Kama bembea inavyopaa juu pale tu inaposukumwa kwa wakati wake, ulimi huo hutikisika kwa nguvu pale tu mtetemo wa nje unapolingana na marudio yake ya asili, na ukipishana nayo hata kwa hezi chache umeme wake huporomoka.

Hapo ndipo palipokuwa na pingamizi kwa mazingira kama ya Temeke na Kinondoni. Mashine ya kusaga hupunguza kasi mahindi yanapomiminwa kwa wingi na kuongeza yanapokwisha, mkanda wake hulegea, na mota hubadilishwa na fundi kwa nyingine yenye kasi tofauti. Daladala iliyojaza abiria asubuhi haitetemi kama ilivyotetema ikiwa tupu, na njia ya lami haitikisi kama ya mchanga. Kifaa kilichopimwa kwa marudio mamoja tu kingefanya kazi kwa dakika chache na kulala muda uliobaki, hali inayofanana na kasoro ya dainamo kwenye baiskeli iliyosimama. Nishati ilikuwapo, lakini ilikuwa imetawanyika katika marudio mengi yasiyo na mpangilio.

Ufumbuzi ulitoka katika elimu ya mitetemo isiyofuata mstari mnyoofu, ambayo chimbuko lake la kisasa ni kitabu kilichochapishwa mwaka 1918 na mhandisi Mjerumani Georg Duffing, aliyechunguza springi ambazo ugumu wake hubadilika kadiri zinavyovutwa. Mwaka 1979 Francis Moon na Philip Holmes wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio la ulimi wa chuma uliosimamishwa juu ya sumaku mbili, wakaonyesha kwamba ulimi huo haukai katikati. Una mahali pawili pa kutulia, pamoja upande huu na pamoja upande ule, na ukitikiswa kwa kutosha huruka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa namna isiyotabirika. Nia yao ilikuwa kueleza mwendo wa vurugu, wala hawakuwa wakitafuta umeme. Miaka 30 baadaye, mwaka 2009, makundi mawili yaliligeuza jambo hilo kuwa chombo: Francesco Cottone, Helios Vocca na Luca Gammaitoni wa Chuo Kikuu cha Perugia, Italia, walionyesha kwamba kifaa chenye vituo viwili huvuna zaidi kutokana na mtetemo wa ovyo wenye marudio mengi, na Alper Erturk, J. Hoffmann na Daniel Inman walibandika fuwele za piezoelektriki kwenye ulimi wa Moon na Holmes na kupata umeme katika upana mkubwa wa marudio. Siri ya kifaa hicho ni kwamba mruko kutoka kituo hadi kituo ni mrefu kuliko mtetemo wa kawaida, na hauhitaji msukumo unaokuja kwa wakati wake; msukumo wowote wenye nguvu ya kuvuka kizingiti cha katikati hutosha.

Wataalamu wenyewe hawakukubaliana moja kwa moja juu ya ubora wa vifaa hivyo. Mtetemo ukiwa mdogo kiasi cha kushindwa kuvuka kizingiti, ulimi hubaki umenaswa upande mmoja na kutoa umeme haba, pengine kuliko kifaa cha mstari mnyoofu kilichopimwa vizuri. Aidha, kwa mtetemo ule ule kifaa kinaweza kufuata mwendo mkubwa au mdogo kulingana na namna kilivyoanza, hivyo baadhi ya vifaa huhitaji kusukumwa kidogo mwanzoni. Mashine inayozunguka kwa kasi isiyobadilika haina sababu ya kufungiwa kifaa cha aina hii. Faida yake hujitokeza penye mtetemo wenye nguvu na usiotabirika.

Kiasi cha umeme kinachopatikana nacho kinaweka mipaka. Milliwati 1, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya wati, ingehitaji saa 3,700, yaani zaidi ya siku 150, kuijaza betri ya simu iliyotajwa hapo juu. Kwa hiyo vifaa hivi haviwezi kurithi nafasi ya dainamo, wala ya jenereta, wala ya paneli ya jua ambayo imeingia kwenye mapaa mengi ya Mbagala na Kigamboni. Mahali pake ni kwenye vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima joto, mtikisiko au ufa na kutuma taarifa kwa redio mara chache kwa siku, ambavyo tatizo lake kubwa ni gharama ya kwenda kubadilisha betri mahali pasipofikika kwa urahisi. Kampuni ya Perpetuum, iliyotokana na Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2004, ilifunga vihisi vya aina hiyo kwenye treni za Uingereza ili mtetemo wa magurudumu yenyewe uendeshe kipimo cha kutambua bearingi zinazoanza kuharibika.

Dar es Salaam ina mahali pengi panapofanana na hapo. Treni ya abiria wa mjini, ambayo wananchi waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, ilianza mwaka 2012 kwa mabehewa ya njia za zamani za reli. Daraja la Kigamboni lenye urefu wa mita 680, linalounganisha Kurasini na ng'ambo ya pili, lilifunguliwa mwaka 2016. Na daraja la juu la Mfugale kwenye makutano ya TAZARA likafuata mwaka 2018. Miundombinu hiyo hutikiswa na magari ya kila uzito na kila kasi, yaani na mtetemo ule ule wa ovyo ambao vifaa vya vituo viwili vilibuniwa kuuvuna.

Yakipimwa kwa masharti matatu ya historia hii, mambo yanasimama hivi. Sharti la kwanza limetimia kwa kiasi ambacho dainamo haikukifikia, kwa kuwa kifaa kisichofuata mstari mnyoofu huupokea mwendo kama ulivyo bila kuutaka uzunguke. Sharti la pili limetimia kwa njia ile ile iliyoiingiza redio ya transista uswahilini, kwani vihisi vya leo vimejifunza kula kidogo. Lililobaki ni la tatu. Fundi baiskeli wa Tandika aliijua dainamo kwa sababu ilikuja na baiskeli, ilifunguka kwa bisibisi, na vipuri vyake viliuzwa Kariakoo. Ulimi wa chuma wenye fuwele na sumaku bado ni mali ya maabara za ng'ambo. Vyuo vyenye uwezo wa kuufundisha vimo humu humu jijini, kuanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Kitivo chake cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, hadi Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka huo huo wa 1973, liliundwa kwa lengo la kuendeleza kazi za karakana ndogo. Sumaku na vipande vya chuma cha springi hupatikana kwa wauza vyuma chakavu wa Gerezani, na koili husukwa kila siku na mafundi wanaofufua mota zilizoungua. Kwa mujibu wa historia ya koroboi, betri na dainamo, teknolojia ya mitetemo itahesabiwa kuwa imefika viungani siku mafundi hao watakapoweza kuitengeneza ikiharibika, hata kama kifaa chenyewe kitakuwa kimefungwa chini ya daraja miaka mingi kabla ya hapo.